Mashua Isiyojaa Chaji: Shajara ya Matengenezo ya Umeme, Matema

3 Mei 2025. Hali ilivyo

Chombo ni mashua ya mbao ya mita 9, yenye mlingoti mmoja, tanga moja na injini ya dizeli ya silinda mbili ya kuingilia na kutokea ufukweni, na ya siku za shwari. Hupeleka wageni Ikombe kwenye vyungu vya Wakisi, na mara nyingine hushuka hadi Lupingu na kurudi na mbasa, samaki wa ziwani. Hulala nangani Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Umeme wa nchi kavu haufiki ndani yake, kwa hiyo kila taa inategemea kinachozalishwa humo humo.

Mfumo wenyewe ni huu: betri moja ya saizi ya N70 kwa ajili ya stata, betri mbili za maji za Ah (ampea-saa) 100 kila moja zilizounganishwa sambamba kwa matumizi ya ndani, alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) ya ampea 55 yenye regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ndani yake, kigawio cha dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) kinachopeleka chaji pande zote mbili, na paneli ya sola ya wati 100 iliyolazwa mbele ya mlingoti.

Tatizo: ikifika saa mbili usiku taa zinafifia, pampu ya ngama, ya kutoa maji ya chini ya chombo, inakoroma badala ya kuzunguka, na kijana wa tanga anashika upo kufua maji kwa mkono. Stata haina shida yoyote. Betri za ndani zilinunuliwa mpya mwaka jana, na zilizotangulia hazikumaliza mwaka. Kila aliyeulizwa, kuanzia Kyela mpaka Mbeya mjini, jibu lake lilikuwa moja: nunua betri. Mimi naona betri inayokufa kabla ya mwaka ni marehemu tu. Anayetafutwa ni aliyeiua. Ndiyo maana nimeanza shajara hii, ili mwenye chombo kingine Itungi, Manda au Mbamba Bay apate pa kuanzia kabla hajatoa pesa.

Hatukugusa waya kabla ya kupiga hesabu ya matumizi ya siku moja:

Taa ya nanga, Ah 3. Taa za ndani, Ah 6. Kipimakina chenye ramani, Ah 6. Redio ya muziki, Ah 5. Simu za abiria sita, Ah 9. Pampu ya ngama, Ah 2. Kijokofu cha volti 12, kinachokula ampea 4 kikiwaka na kuwaka theluthi moja ya muda, Ah 32. Jumla ni Ah 63.

Wengi huwa wanasema "taa zinamaliza betri". Tazama simu na kijokofu.

Upande wa mapato, paneli ya wati 100 kwenye jua zuri ingetoa kama Ah 25 kwa siku, na alteneta ya ampea 55 ikifanya kazi saa mbili ingefidia yote yaliyobaki. Kwa karatasi, chombo hiki hakina deni. Kwa hiyo kuna mahali umeme hauzalishwi, au unazalishwa na haufiki.

10 Mei. Taa nyekundu ya chaji

Kipimo cha kwanza ni cha bure ukiwa na maltimita, kipima umeme cha mkononi. Injini imezimwa, betri za ndani zilisoma 12.2. Injini imewashwa na inaunguruma polepole: 12.2 ile ile. Hakuna chaji hata kidogo. Nikaongeza resi taratibu, na mahali fulani katikati sindano ikaruka ghafla. Nikapunguza resi mpaka chini kabisa, na volti hazikurudi tena 12.2.

Nahodha alikuwa amekaa juu ya sanduku la nanga akinitazama. "Mwanangu, hilo mimi nalijua siku nyingi. Ukiichapa kidogo ndipo taa zinachangamka. Nilidhani ndivyo ilivyoumbwa."

Haikuumbwa hivyo. Alteneta ya aina hii haiwezi kuanza kuzalisha peke yake. Inahitaji umeme kidogo kutoka betri ili kuamsha sumaku ya rota (sehemu inayozunguka), na umeme huo hupitia kwenye taa nyekundu ya chaji iliyo kwenye dashibodi. Balbu ya zamani ya wati 2 au 3 inapitisha wa kutosha. Dashibodi yetu ilibadilishwa mwaka juzi, na aliyeibadilisha akaweka taa ndogo ya LED. Inawaka vizuri, inapendeza, lakini inapitisha miliampea chache tu. Alteneta inabaki imelala mpaka injini izunguke kwa kasi ya kutosha kuamsha mabaki ya sumaku yaliyomo kwenye chuma chenyewe.

Sasa fikiria chombo cha tanga kinavyotumika. Unawasha injini, unatoka polepole kati ya mitumbwi, ukifika penye upepo unazima. Jioni unawasha tena na kuingia polepole. Injini imefanya kazi saa nzima na alteneta haijaamka hata mara moja.

Tumerudisha balbu ya nyuzi ya wati 3 na kishikio chake. Shilingi 4,000, pamoja na 2,000 za balbu za akiba. Anayetaka kubaki na LED yake aweke sambamba nayo rezista ya omu 47, isiyopungua wati 5, na asiifungie kwenye mbao maana inapata moto. Sisi tumechagua balbu kwa sababu inapatikana popote panapouzwa spea za magari.

Injini ikiwashwa sasa, alteneta inaamka papo hapo.

17 Mei. Volti zinazopotea njiani

Alteneta imeamka lakini betri bado hazijai. Asubuhi baada ya safari ya Ikombe kwa injini mtupu zilisoma 12.3 tu.

Hapa ndipo nilipotoa pesa ya kwanza kubwa: klampu ya kupimia ampea za DC (umeme wa betri), shilingi 130,000. Iangalie kabla ya kununua, kwa sababu klampu nyingi za bei rahisi zinapima AC (umeme wa majumbani) peke yake na hazitakusaidia chochote kwenye betri.

Injini kwenye resi ya kati, kijokofu na taa zote zimewashwa, klampu inaonyesha ampea 22 zikienda betri za ndani. Kwenye nati ya alteneta yenyewe, volti 14.3. Kwenye vichwa vya betri za ndani, 13.1. Volti 1.2 zimepotelea njiani, na betri ya maji inayochajiwa kwa 13.1 haitajaa hata ukiwasha injini mpaka Itungi na kurudi. Itabaki nusu nusu, na risasi yake itaota ile ganda nyeupe ya salfeti mpaka iwe haipokei tena.

Regyuleta nayo haijui lolote. Inapima volti hapo hapo kwenye alteneta, inaona 14.3, inaridhika.

Ili kujua zimepotelea wapi, usipime volti za betri. Pima tofauti kati ya ncha mbili za kila kipande cha njia, ampea zikiwa zinapita. Bila mzigo kila kiungo kinaonekana kizima, hata kilichobaki na uzi mmoja wa shaba. Haya ndiyo tuliyosoma:

Alteneta hadi kigawio cha dayodi: 0.18
Kupita kigawio: 0.68
Kigawio hadi chanya ya betri, kupitia fyuzi: 0.12
Hasi ya betri hadi bodi ya alteneta: 0.22

Jumlisha: 1.20. Hesabu ikifunga hivi ujue hakuna kilichofichika.

Watu husahau ule mstari wa mwisho. Hasi nayo ni njia, na mara nyingi ndiyo mbovu kuliko chanya kwa sababu hakuna anayeitazama.

18 Mei. Hasi na lagi

Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye boliti ya injini juu ya rangi. Aliyepaka injini rangi ya kijani alipaka na boliti. Tumekwangua mpaka chuma kikang'aa, tukafunga kwa washa yenye meno, tukapaka grisi baada ya kukaza, siyo kabla.

Lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya, ya upande wa betri ilionekana nzima. Nilipochana plastiki kwa kisu kuanzia lagi kurudi nyuma, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na weusi ule uliendelea kama shubiri moja ndani ya waya. Mahali lagi ilipobanwa palikuwa na unga wa kijani, na nyuzi kadhaa zilikatika nilipozigusa kwa ukucha. Hakuna msasa wa kusafisha hali hiyo. Unakata mpaka ufikie shaba nyekundu, na kama haifikiki, unatupa waya mzima.

Ziwa letu ni la maji baridi na haliumizi shaba kama bahari ya Bagamoyo. Lakini barafu ya mbasa inayeyuka na chumvi yake, inashuka ngamani, na unyevu wake wa chumvi ndio unaofika kwenye betri.

31 Mei. Waya uliokuwa mwepesi mno

Hesabu ya unene wa waya, kwa wanaotaka kunakili: zidisha 0.0175 kwa urefu kwa mita, zidisha kwa ampea, gawanya kwa unene kwa milimita za mraba. Jibu ni volti utakazopoteza. Waya wetu wa chanya ulikuwa wa milimita 10, mita 3, na ampea 22 zinapita: 0.12. Tulisoma 0.18, kwa hiyo 0.06 ilikuwa ya lagi. Tukaamua kuweka milimita 35.

Duka moja mjini Mbeya walitupa mita za kutosha za waya mnene, mwekundu, laini, kwa shilingi 48,000. Bei nzuri sana. Tukabana lagi, tukafunga, tukawasha. Baada ya nusu saa lagi ya alteneta ilikuwa haishikiki kwa mkono.

Tuliukata tukakwangua uzi mmoja kwa wembe. Nje rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayouzwa kwa ajili ya spika za magari. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inalegea ndani ya lagi, na ikikutana na unyevu inaoza kwa haraka. Kwenye mashua haina kazi.

Jinsi ya kuutambua kabla hujalipa: uinue, ukiwa mnene halafu mwepesi kuliko ulivyotarajia, shaka nao. Omba kipande kidogo ukikwangue mbele ya muuzaji. Akikataa, rudisha.

48,000 hizo zimepotea. Waya wa shaba kweli, mita 5, umetugharimu 110,000, ambao ni waya wa kulehemia, ule wa mashine za welding, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Unavumilia mtetemo wa dizeli kuliko waya mgumu wa nyumbani. Lagi na mipira ya kusinyaa yenye gundi, 37,000. Lagi tulibaniwa kwa mashine ya mkono na fundi wa malori. Kupiga kwa nyundo kunaacha nafasi ambamo hewa na unyevu huingia.

Vipimo vipya, ampea zile zile: alteneta hadi kigawio 0.04, kigawio hadi betri 0.05, hasi 0.04. Kigawio chenyewe, 0.68 bila kupungua. Betri za ndani zinapata 13.5.

1 Juni. Mkanda

Unga mweusi chini ya alteneta, na kelele kila tunapowasha. Mkanda ulikuwa umelegea na mkono wa kukazia una ufa. Mkono umechomelewa, mkanda mpya umefungwa. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ushuke kama milimita 10. Shilingi 25,000 kwa yote.

7 Juni. Kuondoa kigawio, jaribio la kwanza

Dayodi hula volti kwa asili yake, hakuna kuisafisha. Ama uweke regyuleta inayopima kwenye betri, ama uondoe dayodi. Tuliiondoa, na kwa kuwa tulikuwa na haraka tukaweka swichi kubwa ya kuzungusha yenye nafasi nne: 1, zote, 2, zima. Shilingi 45,000. Betri za ndani zikapata 14.1 siku hiyo hiyo, na sote tukafurahi.

Furaha ilidumu mpaka mgeni wa kwanza wa usiku. Swichi ilibaki kwenye "zote" baada ya kutia nanga, muziki ukapigwa, kijokofu kikanguruma, na asubuhi hata stata haikugeuka. Tulitoka Lyulilo kwa tanga, jambo ambalo kwa nahodha halikuwa tatizo. "Chombo cha tanga hakiombi ruhusa kwa betri," alisema, na sikuwa na jibu.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Injini ikiwa inafanya kazi, swichi ilizungushwa kutoka 1 kwenda 2 kwa njia ya chini, yaani kupitia "zima". Ni kufumba na kufumbua tu. Lakini alteneta inayotoa ampea 30 ikinyimwa betri ghafla, umeme ule hauna pa kwenda, volti zinapaa, na dayodi zilizo ndani ya alteneta zinapasuka. Tangu hapo taa nyekundu ikawa inawaka kwa mbali hata injini ikiwa na resi, na volti hazikuzidi 13.2.

Kuthibitisha ni rahisi. Weka maltimita upande wa AC, pima kwenye betri injini ikiwa inazunguka. Alteneta nzima inatoa AC kidogo sana, chini ya nusu volti. Yetu ilisoma 0.9. Maana yake mawimbi ambayo dayodi zingepaswa kuyanyoosha yanapita yakiwa hivyo hivyo.

14 Juni. Alteneta Mbeya

Barabara kuu ya malori ya kwenda Tunduma inapita katikati ya Mbeya, na kwa sababu hiyo mafundi umeme wa magari wako wengi na spea zao zipo. Alteneta imefunguliwa mbele yangu. Sahani ya dayodi ilikuwa na mbili zilizoungua. Kaboni bado ndefu, beringi zinazunguka bila kelele. Sahani 45,000, ufundi 25,000.

Fundi alinishauri ninunue alteneta nyingine ya mtumba ya ampea 90. Nilikataa. Mkanda wetu ni mmoja na mwembamba, na betri zenyewe hazina uwezo wa kumeza ampea hizo. Ukubwa wa alteneta haukuwa tatizo letu hata mara moja, na nadhani nusu ya watu wanaobadilisha alteneta ziwani wangeacha kama wangepima nyaya kwanza.

Aliyefungua alteneta akufungie na uijaribu pale pale kwenye benchi kabla hujapanda gari la Kyela. Kurudi ni gharama.

28 Juni. Rilei ya volti

Imefika kutoka Dar kwa basi. 95,000 na 8,000 za mzigo.

Kazi yake: alteneta inachaji betri ya stata kwanza. Betri hiyo ikifika 13.3 rilei inafunga na kuunganisha betri za ndani. Injini ikizimwa na volti zikashuka hadi 12.8, rilei inafungua na kuzitenganisha, na muziki wa usiku haugusi betri ya stata. Hakuna wa kukumbuka kitu, hakuna wa kuzungusha kitu. Ile swichi kubwa imehamishiwa pembeni kwa dharura, na njia ya "zima" imezibwa kwa kipande cha mbao kilichopigwa skrubu.

Waya wa chanya unaotoka kila betri una fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, ndani ya shubiri moja. Mashua ni mbao na dizeli. Waya usio na fyuzi ukikwanguka ni moto.

Volti kwenye betri ya stata 14.2, za ndani 14.1. Kwa joto la Matema hizo zinatosha. Betri ya maji inahitaji kama 14.4 kwenye nyuzi 25, na kadiri joto linavyopanda inahitaji pungufu kidogo, vinginevyo inachemka na kumaliza maji.

5 Julai. Paneli na kivuli

Saa sita mchana, anga safi, kusi linavuma. Paneli ya wati 100 inatoa ampea 1.1. Ingepaswa kutoa karibu 5.

Paneli ilifungwa mwezi wa Januari, na waliofunga wanaapa kwamba ilitoa ampea nzuri. Nawaamini. Matema iko kama nyuzi 9 na nusu kusini mwa ikweta. Desemba na Januari jua la saa sita liko kusini yetu kidogo, Juni na Julai liko kaskazini, chini kabisa kuliko tunavyolizoea. Chombo kikiwa nangani mchana, upepo wa ziwani unakielekeza omo, yaani sehemu ya mbele, kusini. Kwa hiyo miezi hii jua linatoka nyuma, upande wa tezi, na kivuli cha mlingoti na cha tanga lililokunjwa kinaanguka mbele, juu ya paneli. Januari kivuli hicho kilikuwa kinaanguka nyuma.

Nilisogeza foromali, mti unaobeba tanga, kwa mkono huku kijana akisoma klampu. Kivuli cha unene wa kiganja kikikatiza paneli: 1.1. Kikiondoka: 4.6. Seli za paneli zimepangwa mfululizo, moja ikizibwa inakaba nyenzake. Kivuli cha kamba peke yake, kamba nyembamba ya tanga, kilipunguza zaidi ya nusu ampea.

Tumetengeneza fremu ya mabomba juu ya usukani, nyuma kabisa, na paneli imehamia hapo. Bomba na uchomeleaji 60,000, waya wa milimita 4 shilingi 35,000.

Kontrola, kifaa kinachoongoza chaji ya sola, nayo ilikuwa mbali na betri, kwa waya wa milimita 1.5 wa mita 4. Kwenda na kurudi ni mita 8, ampea 5: karibu nusu volti. Kontrola inaona 14.4 na kuanza kupunguza chaji, wakati betri ina 13.9. Imehamishwa karibu na betri. Waya mrefu ubaki upande wa paneli, ambako volti zipo za ziada.

Jambo moja halina dawa: Milima ya Livingstone iko mashariki yetu na imesimama kama ukuta, jua linachelewa kutufikia asubuhi. Kwa vipimo vyetu siku nzuri inatoa Ah 19, siyo zile 25 za kwenye karatasi. Anayenakili kutoka Itungi, mbali na mlima, atapata zaidi.

12 Julai. Kinachovuja usiku

Kila kitu kimezimwa, klampu bado inaonyesha ampea 0.41 zikitoka. Tulitoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ya pampu ya ngama ilipotoka, ikashuka hadi 0.05, ambayo ni kumbukumbu ya redio na soketi za simu.

Ampea 0.36 kwa saa 24 ni karibu Ah 9. Karibu nusu ya mavuno ya sola yalikuwa yanaishia ngamani.

Kiungo cha swichi ya boya kilikuwa kimesokotwa na kuzungushiwa selotepu nyeusi, na kimelala majini. Tumenunua swichi mpya ya boya, 35,000, na viungo vyote vimepandishwa juu ya mstari wa maji, vikalehemiwa na kufunikwa mpira wa gundi. Pampu imebaki kwenye njia yake ya moja kwa moja kutoka betri, yenye fyuzi yake. Usiikate kwenye swichi kuu, hiyo ndiyo inayolinda chombo mkiwa mmelala.

19 Julai. Sasa ndiyo betri

Nimeziacha mwisho makusudi. Tulizitenganisha, maana zikiwa sambamba mbovu inajificha nyuma ya nzima. Baada ya kuchajiwa na kupumzika usiku, moja ilisoma 12.6, nyingine 10.6. Volti mbili pungufu ni seli moja iliyokufa.

Haidromita ya 12,000, inayopima uzito wa asidi ya betri, ikathibitisha: seli tano karibu 1.230, ya sita 1.120. Nilipanda nayo Mbeya nikaichaji kwa umeme wa Tanesco usiku kucha, nione kama itafufuka. Safari ya bodaboda kutoka Matema hadi Ipinda na betri ya maji mapajani siipendekezi kwa mtu yeyote mwenye suruali nzuri. Asubuhi, kwenye baridi ya Mbeya, zile seli tano zilipanda hadi 1.240. Sehemu kubwa ya hiyo ni baridi tu: asidi ikipoa inakuwa nzito, na haidromita inapanda kama 0.007 kwa kila nyuzi 10. Ya sita haikusogea.

Imeuzwa kwa wanunuzi wa betri chakavu. Iliyobaki imeongezwa maji yaliyotoneshwa, 6,000, na tumeamua isiunganishwe na mpya, kwa sababu kuukuu huivuta mpya chini.

Kwa hiyo tumebaki na Ah 100, na matumizi ya Ah 63 hayaingii humo kwa usalama. Dawa ilikuwa nyepesi. Kijokofu kimezimwa, kinatumika kama sanduku la barafu kutoka Kyela. Matumizi yameshuka hadi Ah 31. Mbasa hawajalalamika.

16 Agosti. Vipimo na gharama

Safari ya Lupingu na kurudi, mawimbi makubwa ya kusi, tanga muda mwingi. Taa ya nanga iliwaka mpaka alfajiri. Asubuhi betri ya ndani ilisoma 12.5 kabla jua halijavuka mlima. Saa moja ya injini inaongeza kama Ah 20, sola inamalizia.

Gharama zote, zikiwemo klampu na ule waya wa alumini na swichi isiyotumika: shilingi 722,000, bila nauli. Betri mbili mpya za Ah 100 tuliambiwa ni 760,000.

Bado: paneli ya pili ya wati 100, ambayo fremu ina nafasi yake, na kupima tena kushuka kwa volti kila mwanzo wa masika na mwisho wake. Nahodha anataka kijokofu kirudi. Nimemwambia paneli kwanza.